Meza ya unga na meza ya mafunzo

Mtu aliyesimama kwenye foleni ya unga tangu saa moja asubuhi, akifika mezani akaulizwa kama angependa kujifunza ushonaji, atasema ndiyo. Atasema ndiyo hata kama macho yake hayaoni tena tundu la sindano, hata kama nyumbani amemwacha mama mkwe aliyepooza. Wala hadanganyi. Anajibu swali alilolisikia yeye, nalo ni hili: bado unautaka unga? Sisi tunaogawa chakula na kuwaunganisha watu na mafunzo ya kazi katika mitaa ya Pasua, Njoro na Kaloleni hapa Moshi tulichelewa kulielewa hilo. Tulikuwa na orodha ndefu za waliokubali, na madarasa yenye viti vitupu. Karibu kila tunachokifanya tofauti leo kinatokana na kukiri kwamba anayeshika kibaba akiuliza swali la hiari hapati jibu la hiari.

Kwa hiyo meza zimetenganishwa. Unga hugawiwa Jumamosi. Mazungumzo ya mafunzo ni Jumanne na Jumatano, mahali pengine, na watu wengine. Mwenye daftari la chakula haketi kwenye meza ya mafunzo hata siku tuliyopungukiwa watu. Siku hiyo ni heri mazungumzo yaahirishwe. Daftari la mafunzo halina namba ya kadi ya chakula, na kwenye daftari la chakula hakuna safu inayoonyesha nani yuko darasani. Wapo wanaouliza kwa nini tujitese na madaftari mawili. Safu ile ikishakuwepo, ipo siku magunia yatapungua, na mgawaji aliyechoka saa nane mchana ataitazama na kuitumia kuamua nani akose.

Kuna nchi zilizokwenda njia nyingine. Marekani, mpango wao wa msaada wa chakula uitwao SNAP una tawi la mafunzo ya kazi lililotokana na sheria ya mwaka 1985. Kila jimbo linatakiwa kuwa nalo, lakini majimbo hutofautiana: mengine humwachia mpokeaji achague, mengine humlazimisha, na aliyelazimishwa asipohudhuria bila sababu anaweza kupoteza chakula. Kwa maoni yetu sharti la namna hiyo hujaza darasa watu wanaohesabu saa, na huwageuza waliokuja kusaidia kuwa wakaguzi wa mahudhurio. Huku kwetu hakuna anayetulazimisha kufanya hivyo, basi tusijitungie.

Neno tunalolikwepa mezani ni "uhakiki". Lina kumbukumbu mbaya mtaani, kwa sababu kila orodha ilipohakikiwa kuna majina yaliyotoka. "Usaili" nalo linamtisha mtu, anajiona yuko kwenye mtihani. Tunasema tu "tuongee kidogo". Kijana wetu akiketi na mama wa makamo huanza kwa shikamoo, huuliza za nyumbani, kisha husema kabla hata ya kufungua daftari: "Mama, hili si sharti. Ukisema hapana leo, Jumamosi unga wako uko palepale, na hakuna atakayekuuliza." Mara nyingi jibu ni "Haya mwanangu, nimesikia," kwa sauti ya mtu ambaye bado hajaamini. Ana haki. Ataamini Jumamosi ya mgao unaofuata, aliyekataa atakapopimiwa kilo zilezile mbele ya majirani. Baada ya migao miwili mitatu habari huzunguka zenyewe, na watu huanza kusema hapana waziwazi. Hapana hizo tunazipokea kwa furaha, maana ndiyo zinazoipa uzito ile ndiyo ya mwingine.

Hapana nyingine huja imevikwa heshima. "Nitafikiria mwanangu" na "tutaona Mungu akijalia" kwa kawaida ni hapana, na anayerudi kumfuata mtu nyumbani baada ya kuambiwa hivyo anamkosea. "Ngoja nikaongee na baba watoto" inaweza kuwa kweli kabisa, nayo hupewa wiki moja. Kwenye daftari tunaandika "si sasa" na tarehe, bila sababu. Mlango unabaki wazi kwa yeye kurudi, sisi hatumrudii.

Kwa wanaotaka kuendelea, swali la kuanzia si "unataka kujifunza nini?" Ukiuliza hivyo utajibiwa ushonaji, saluni, au "chochote tu". Tunaanza na siku yake: jana uliamka saa ngapi, ukafanya nini mpaka ukalala? Hapo ndipo hutokea yote. Nani hubaki na mtoto, nani anaumwa ndani, maji hutoka lini, kibarua ni kipi na kina siku zipi. Tunachora wiki kwenye karatasi, siku 7 kwenda chini, asubuhi, mchana na jioni kwenda kando, na tunaijaza pamoja naye. Visanduku vinavyobaki vitupu ndio muda alio nao. Mama anayefua nguo za watu siku tatu na kuuza ndizi soko la Mbuyuni siku mbili ana asubuhi mbili tu. Kozi ya siku tano kutwa nzima si yake, hata ikiwa bure. Karatasi hii imetuokolea watu kuliko swali lolote jingine. Mwenyewe huitazama akasema, "Kumbe nafasi ni Alhamisi na Ijumaa tu," na kuanzia hapo yeye ndiye anayepanga.

Mwili hufuata. Hatuulizi ugonjwa, na ukitajwa hatuuandiki. Tunauliza kazi gani mwili wako unaikataa. Mgongo hukataa uashi, kifua hukataa moshi wa kuni. Kwa anayetaka cherehani tunampa sindano na uzi mweusi pale dirishani. Kuanzia miaka 40 hivi macho ya karibu huanza kufifia, na mtu huzoea bila kujua. Darasani ataonekana mzito wa kuelewa kumbe haoni mshono. Mara nyingi miwani ya kusomea inatosha. Anayeshindwa hata kwa miwani hupelekwa kliniki ya macho kabla ya kupelekwa popote.

Kusoma na kuandika kuna namna yake pia. Ukimuuliza mtu mzima kama anajua kusoma, umemvua nguo. Tunaandika jina lake na namba ya simu, tunamgeuzia karatasi: "Hebu angalia kama nimeandika sawa." Anayesoma atasahihisha. Asiyesoma atasema "sawa tu" bila macho kutembea kwenye mstari, au atasema amesahau miwani. Tunaiweka alama ndogo pembeni, basi, na tunamtafutia fundi anayefundisha kwa mikono. Kozi inayoanza na daftari la nadharia wiki mbili itampoteza kabla hajashika chombo.

Vyeti vinachelewesha kuliko wengi wanavyodhani. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, inatosha hata kama kadi yenyewe haijatoka. Barua ya mwenyekiti wa mtaa au mtendaji hupatikana kwa siku moja mbili ukijua saa zao. Cheti cha kuzaliwa kwa aliyezaliwa nyumbani huko Rombo au Same kinaweza kula wiki kadhaa, kwa hiyo hakisubiri hadi siku ya kujiandikisha. Jina la kwenye cheti cha darasa la saba na jina la NIDA yakitofautiana hata kwa herufi moja, hilo hushughulikiwa mapema. Na simu: ni yake, ya mumewe, au ya jirani? Namba ya jirani inafaa, mradi tujue nani atapokea na tusimwambie la ndani.

Kwa walio kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, kuna jambo la ziada. Ruzuku hutoka kila miezi miwili, na wenye nguvu hufanya ajira za muda, siku 60 kwa mwaka. Siku hizo zikigongana na darasa, mtu atakwenda kwenye ajira, na yuko sahihi. Tunaziomba tarehe mapema, na tunaeleza kwamba sisi na TASAF ni vitu viwili, kwa sababu hofu ya kuonekana "ameshajiweza" iko juu sana.

Mazungumzo haya yakiharakishwa chini ya dakika 20 hayana maana. Mtu mmoja asizidishe wanane kwa siku. Wa tisa hupata masikio yaliyochoka.

Sasa, kosa lililotugharimu kuliko yote lilikuwa kudhani aliye kwenye foleni ya unga hana ujuzi. Nusu saa ya kuongea na mwanamume wa miaka 50 aliyekaa kimya nyuma ya mstari hukuonyesha fundi uashi wa miaka ishirini ambaye mwiko, timazi na pima maji viliuzwa siku za ugonjwa. Kumpeleka mtu huyu kwenye kozi ya awali ya uashi ni kumdhalilisha. Anahitaji vifaa, na pengine karatasi. Kwa karatasi kuna urasimishaji wa ujuzi: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, humpima mtu aliyejifunzia kazini, kwa vitendo na maswali, na akifaulu hupata cheti bila kukaa darasani mwaka mzima. Tunamwandaa kwa kukusanya ushahidi: picha za kazi alizofanya, majina ya waliompa kazi, barua ya mkandarasi mmoja au wawili. Nafasi hizi hutangazwa kwa vipindi, kwa hiyo majina yao yanakaa tayari kwenye ukurasa wao peke yao. Wapishi wa wanaopanda Mlima Kilimanjaro, mafundi seremala na waliokuwa wakichomelea gereji huingia hapo pia.

Binti aliyeachia masomo njiani akiwa na mtoto mgongoni ana njia nyingine. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilianzishwa mwaka 1975 kwa kuiga vile vya Sweden, na kimoja kiko Msinga, Moshi Vijijini. Huko fani hufundishwa kwa vitendo, na wasichana wazazi hukaribishwa. Swali la kuuliza chuoni kabla ya kumpeleka ni moja: mtoto atakaa wapi saa za darasa, na nani atamwangalia? Jibu likiwa "tutaona", hatumpeleki bado.

Mwenye biashara ndogo tayari, anayetengeneza sabuni au kusaga karanga, tunamwelekeza SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Kozi zao fupi za siku chache humfaa kuliko kukaa miezi. Kijana asiye na mzigo wa kulea anayetaka kazi za hoteli tunamtajia chuo cha VETA cha hoteli na utalii kule Njiro, Arusha, lakini tunamwambia ukweli kwamba ni kama kilomita 80, si safari ya kwenda na kurudi kila siku. Atahitaji pa kulala, na ndugu aliyeko Arusha huwa ndiye ada ya kwanza.

Bibi anayelea wajukuu wanne hapelekwi popote. Anapewa unga.

Kabla ya kumpeleka mtu kwa mkufunzi, nenda wewe. Nenda siku ya darasa, si siku uliyoalikwa. Hesabu vyombo: cherehani 6 kwa wanafunzi 30, katika kipindi cha saa tatu, humpa kila mmoja dakika 36 kwenye mashine, muda mwingine wote ni kutazama. Uliza kama kituo kimesajiliwa VETA na nani hutoa cheti. Uliza neno "bure" linaishia wapi, kwa sababu mara nyingi linaishia kwenye ada, na nje yake kuna aproni, kitambaa cha mazoezi, uzi, daftari na mchango wa mtihani. Tazama choo. Tazama kama mwenye baiskeli ya magurudumu matatu anaweza kuingia. Kisha omba namba za watano waliomaliza mwaka jana, kwa ridhaa yao, uwapigie. Kituo kizuri hutoa namba hizo siku hiyohiyo.

Fundi wa mtaani anayepokea wanagenzi anaweza kuwa bora kuliko chuo, ila lazima karatasi iwepo: muda ni miezi mingapi, ada ni kiasi gani na hulipwa kwa awamu zipi, chakula cha mchana ni cha nani, chombo kikivunjika analipa nani, na ni lini mwanafunzi ataacha kufagia na kuanza kushika kazi. Hilo la mwisho liandikwe kwa tarehe. Bila tarehe, mtu hufagia gereji mwaka mzima.

Tunalazimika pia kusema jambo lisilopendeza kuhusu ushonaji na saluni. Si kazi mbaya. Lakini tembea na anayeomba kutoka nyumbani kwake hadi sokoni, mkihesabu pamoja vibaraza vyenye cherehani na vioo vya saluni. Hesabuni pia wanaokaa bila mteja. Wengine baada ya matembezi hayo hubaki na ushonaji wakijua watashona nini hasa: sare za shule, mapazia, kurekebisha mitumba ya soko la Memorial. Wengine hubadili, wakaenda kwenye aluminiamu, umeme wa majumbani au ufundi wa bajaji. Wanawake wachache huomba fani hizo wasipotajiwa. Ukizitaja kwa uzito uleule unaotajia ushonaji, huziomba.

Gharama ndizo zinazoua rufaa, yaani kumpeleka mtu kwenye mafunzo. Chukua mfano wa mtu wa Mabogini anayepanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Tuseme kila safari ni shilingi 600: kwa siku ni 2,400, kwa wiki ya siku tano 12,000, na kwa wiki 12 ni 144,000. Hiyo ni nauli tu, kwa kozi ya "bure". Ongeza kibarua alichokiacha. Kama alikuwa akipata siku mbili za kufua kwa wiki, hizo ni siku 24 za malipo zilizopotea ndani ya kozi hiyohiyo. Tunaiandika hesabu hii mbele yake na kuijumlisha kwa sauti. Kama hatuna namna ya kuziba angalau nauli na malezi ya mtoto, tunamwambia asubiri. Kumpeleka mtu ukijua ataacha wiki ya nne ni kumfundisha kwamba yeye hawezi, na hilo halifutiki haraka.

Nauli hulipwa kila Jumatatu kwa simu, kwa wiki hiyo tu. Tuliwahi kuitoa ya mwezi mzima kwa mkupuo, na ikaliwa, kwa maana halisi ya neno: mtoto hawezi kulala njaa huku nauli ya wiki ya tatu iko kwenye simu. Posho ya kukaa darasani hatutoi. Ikitolewa, huvuta wanaoitaka posho na huwafukuza wanaoitaka kazi.

Na chakula? Hapa tulikosea kwa nia njema kabisa: mtu akianza mafunzo tulimhesabu amepata, tukampa nafasi yake mwingine. Piga hesabu uone. Kaya ya watu watano hupata kwetu kwa mwezi unga kilo 25, maharage sado mbili, lile kopo la rangi la lita 4, mafuta lita 2 na chumvi. Mgao wa dharura hupangwa kwa kawaida kwa gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku. Watu watano ni kilo 2 kwa siku. Kilo 25 zinaisha siku ya 12 au 13. Siku zinazobaki hufunikwa na kibarua, na kibarua ndicho alichokiacha ili asome. Ndiyo maana utoro huanza katikati ya mwezi, na mkufunzi huuita uvivu. Tangu tulipoielewa hesabu hii, mgao wa mtu hauguswi kwa sababu ameanza kozi, wala kwa sababu ameimaliza. Inapowezekana, mkufunzi hupewa unga, maharage na kuni ili kipikwe chakula cha mchana hapohapo, kwa wote, wa kwetu na wasio wa kwetu. Sahani hiyo ya makande imezuia utoro kuliko mahubiri yetu yote.

Majira nayo yaheshimiwe. Machi mvua zikianza, kila mwenye kipande cha shamba hupanda mahindi. Darasa lililofunguliwa wiki hiyo ni la kufungwa. Wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, wanapatikana Aprili na Mei, mlima unapokuwa na mvua na wageni ni wachache. Kuanzia Juni hadi Oktoba usiwapangie kitu. Kahawa kuanzia Julai hivi huwavuta wanawake kwenda kuchuma huko juu. Januari kozi ndefu za VETA huanza, na ndio mwezi ambao sare na madaftari ya watoto vimemaliza kila senti. Kwa kozi fupi tunazopanga wenyewe, mwisho wa Aprili umetufaa zaidi ya wakati mwingine wowote.

Barua ya rufaa ina nakala tatu kwa kaboni: ya mwanafunzi, ya mkufunzi, ya kwetu. Imeandikwa jina, kozi, siku na saa ya kufika, cheo cha atakayempokea, vitu vya kubeba, na kilicholipwa tayari ili asidaiwe mara ya pili mlangoni. Haiandikwi kwamba anapokea chakula. Haiandikwi afya yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatutaka tuombe ridhaa kabla ya kumpa mtu mwingine taarifa hizi, lakini hata bila sheria, binti aliyejulikana darasani kama "yule wa unga" hudumu siku tatu.

Kati ya mazungumzo na siku ya kwanza zisizidi siku 10. Zikizidi, maisha hujaza nafasi. Siku ya kwanza mtu wetu humsindikiza mpaka mlangoni, kwa sababu geti lenye mlinzi humrudisha mtu nyumbani bila kuambiwa neno. Jioni ileile tunapiga simu kuuliza umekaa wapi, umeshika nini, umekula nini. Tunapiga tena siku ya 7, na wiki ya tatu, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote: ugeni umeisha, ujuzi haujaja. Kwenye daftari hatuhesabu waliopelekwa. Tunahesabu waliopokelewa, waliofika wiki ya nne, na waliomaliza. Safu ya waliopelekwa ilipokuwa ndiyo pekee, ilitupumbaza.

Kwa mama wa ndoa, kozi ya jioni izungumzwe nyumbani mapema, naye akiwa ameamua mwenyewe kama anataka tuwepo. Mume akijua saa ya kurudi, gari la kurudia na nani atapika siku hizo, ugomvi mwingi hauanzi. Darasa linaloisha saa kumi na mbili jioni ni hatari kwa anayeshukia kituo cha giza. Tumewaomba wakufunzi wavute nyuma hadi saa kumi na nusu, na wengi wamekubali.

Baada ya kozi, cheti bila chombo hurudisha mtu kwenye foleni. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu; ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Inahitaji kikundi, na kikundi kinachoundwa wiki ya maombi hugombana wiki ya marejesho. Tunawaanzisha mapema kuweka akiba ya kikoba wakiwa bado darasani, hata shilingi 1,000 kwa wiki, ili wajuane kwa fedha kabla ya kudaiana. Wakati huo vyombo tunaviazimisha: cherehani au seti ya ufundi umeme, miezi mitatu, ikirudi salama au ikalipwa kidogokidogo.

Kadi ya chakula huirudisha mwenyewe, siku anayoona inatosha. Hatumwombi. Anaipeleka Jumamosi kwa mgawaji, si kwetu wa meza ya mafunzo, na inawekwa kwenye bahasha yenye jina lake na tarehe, miezi sita. Kazi ikikatika ndani ya muda huo, huja kuichukua bila mazungumzo mapya na bila kuulizwa mafunzo yaliishia wapi.